Vumbi la Darfur na Vumbi la Hapa Nyumbani

Wenzetu waliopata kuhudumu Darfur katika kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, kabla kikosi hicho hakijafunga kazi yake mwishoni mwa mwaka 2020, walirejea Uganda na masimulizi mengi. Moja halikosekani kinywani mwa yeyote kati yao, nalo ni la habub. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Sudan huipa dhoruba kubwa ya vumbi. Mchana huwa mweupe, mbingu haina wingu, kisha upeo wa macho unageuka rangi ya udongo na ukuta wa vumbi unaanza kutembea kuelekea mji. Ukuta huo huweza kufikia kimo cha mita 1,000, na ukishafika, mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Sajenti mmoja wa kituo chetu alitusimulia kwamba huko kila mtu alijua la kufanya. Watoto waliitwa ndani, madirisha yakafungwa, nguo iliyoloweshwa maji ikabanwa chini ya mlango, na madereva wakaondoka barabarani. Dhoruba ilipopita, watu walifagia nyua zao na kurudi kazini. Hakuna aliyeonekana mwoga kwa kujificha.

Sajenti huyo hakuugua Darfur. Aliugua hapa nyumbani, miaka miwili baada ya kurejea, akiwa na zamu ya kuongoza magari katika njia panda moja pembezoni mwa Kampala, mahali ambapo lami ilikuwa imekwanguliwa ili barabara ipanuliwe. Alianza kukohoa mwezi wa Desemba. Sisi wenzake tulimtania kwamba vumbi la Darfur limemfuata hadi Uganda. Mwezi wa Februari, usiku mmoja, alishindwa kupumua akiwa amelala, na mkewe akatuita tumpeleke hospitali kwa gari la doria.

Tumeona vyema somo la toleo hili lianze na habari hiyo kwa sababu inatuhusu sisi kwanza, kabla hatujamfundisha mwananchi yeyote. Tulikuwa tumempa askari wetu koti la mvua, fulana ing'aayo, filimbi na glovu nyeupe. Hakuna miongoni mwetu aliyeyafikiria mapafu yake.

Vumbi hufika wapi

Vumbi si kitu kimoja. Punje za mchanga zinazotusaga meno tunapokula kando ya barabara ni kubwa, nazo huishia mdomoni, puani au machoni. Hizo huudhi kuliko zinavyodhuru. Wataalamu wa afya huogopa zaidi chembe ambazo jicho halizioni. Unywele wa kichwa cha binadamu una unene wa maikromita 70 hivi, na maikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Chembe zenye kipenyo cha maikromita 10 au pungufu hupita puani na kuingia katika mirija ya mapafu. Zile za maikromita 2.5 au pungufu huteremka hadi mwisho wa safari, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambamo damu hupokea oksijeni. Baadhi ya zilizo ndogo kupita hizo huvuka kuta za vifuko hivyo na kuingia katika damu yenyewe.

Mwili una ulinzi wake. Pua huzuia punje kubwa. Ndani ya mirija kuna ute unaonasa vumbi, na vinyweleo vidogo mno vinavyopepea usiku na mchana kuusukuma ute huo juu, ili mtu autoe kwa kukohoa au aumeze. Vumbi likiwa la siku moja, ulinzi huu hutosha. Likiwa la kila siku, ute huongezeka, kuta za mirija huvimba, njia ya hewa hupungua upana, na kikohozi huwa mazoea. Moshi wa sigara huvilemaza vinyweleo hivyo, na ndiyo maana askari anayevuta sigara akiwa katika zamu ya njia panda huumia mara mbili. Sajenti wetu hakupata kuvuta hata moja.

Wengi hushangaa kusikia kwamba hewa chafu huua kwa moyo na kiharusi, tena kwa wingi. Chembe zikifika ndani, mwili huzipokea kama adui na kuwasha uvimbe unaoenea mbali na mapafu. Mishipa ya damu hukakamaa na damu hupata wepesi wa kuganda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja husababisha vifo vya mapema vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2013 taasisi ya shirika hilo inayotafiti saratani iliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli ulikwisha kuwekwa humo mwaka uliotangulia. Mama mjamzito akivuta hewa hiyo kwa muda mrefu, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Jangwa na njia panda

Dhoruba za jangwani zina nguvu zisizo na kifani. Kaskazini mwa Chad liko bonde la Bodélé, sakafu ya ziwa lililokauka, ambalo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya vumbi duniani, na vumbi lake huvuka bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Mei mwaka 2022, dhoruba moja nchini Iraki iliwapeleka hospitali watu zaidi ya 5,000 kwa shida ya kupumua. Vijana wetu wa Uganda waliofanya kazi ya ulinzi katika nchi hiyo wanaijua mbingu ya rangi ya chungwa.

Kwetu Uganda hatuna jangwa la namna hiyo, na hapo ndipo tunapojidanganya. Tuna udongo mwekundu wa murramu, ambao gurudumu la lori lililobeba mchanga huusaga kila linapopita, likaurusha, na lori linalofuata likausaga upya. Kuanzia Desemba hadi Februari, na tena katika kiangazi kifupi cha katikati ya mwaka, majani ya migomba kando ya barabara hubadilika rangi. Juu ya vumbi hilo huja moshi: wa magari makuukuu ya dizeli, wa mkaa, na wa takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba pamoja na plastiki zake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini lililokwisha kuingia bado linatembea, nasi twaliona kila siku. Vumbi la barabara kwa sehemu kubwa ni la punje nene kidogo, na moshi ni wa chembe ndogo kabisa. Anayesimama njia panda huvuta vyote viwili.

Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi uitwao AirQo, ulioanza mwaka 2015, ambao umefunga vipimo vya hewa kwenye majengo na hata kwenye pikipiki za boda boda, na matokeo yake huonekana kwenye simu ya mkononi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa chembe zile ndogo usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Wastani wa Kampala umekuwa ukipita kiwango hicho mara kadhaa. Vipimo hivyo vina jambo jingine lenye uzito kwetu: uchafu hupanda asubuhi na jioni, wakati magari yamesongamana, majiko yamewashwa na hewa imetulia karibu na ardhi. Hizo ndizo saa ambazo askari wa usalama barabarani hupangiwa kusimama, na ndizo saa ambazo watoto huenda shuleni na kurudi.

Kwa hiyo watu wa Darfur huikimbia dhoruba ya saa moja kwa sababu wanaiona ikija. Sisi tunakaa ndani ya vumbi jepesi kwa miezi mitatu mfululizo, saa nane au kumi kwa siku, na kwa kuwa halina ukuta wala kishindo, hatulihesabu kuwa jambo.

Kikohozi cha vumbi

Maneno haya mawili yamewadhuru watu wengi. Mtu akikohoa, jirani husema ni vumbi tu, mvua zikianza kitakwisha. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kifua kikuu, kinachoambukiza wengine ndani ya nyumba huku mgonjwa akisubiri mvua. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi inampasa aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali havidaiwi malipo. Sajenti wetu alipimwa na hakukutwa na kifua kikuu. Akapewa kifaa cha kupuliza pumzi kwa nguvu zake zote, na hapo ikaonekana kwamba njia zake za hewa zimebana. Daktari hakuuliza habari za Darfur. Aliuliza anafanya kazi gani sasa na anasimama wapi.

Wapo walio katika hatari iliyo kubwa kuliko ya askari yeyote. Wanawake na vijana wanaoponda kokoto kwa nyundo katika machimbo ya Kireka huvuta vumbi la jiwe lenyewe, na baadhi ya mawe yana silika. Chembe za silika huacha makovu katika mapafu, na ugonjwa huo, uitwao silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa. Tena huufungulia mlango kifua kikuu. Anayefanya kazi hiyo aloweshe jiwe kabla ya kuliponda, na mtoto asikalishwe pembeni ya mama akisubiri kunyonya. Tunajua kwamba anayesema haya ana mshahara wa mwisho wa mwezi, na anayeambiwa ana ndoo ya kokoto. Hata hivyo tunayasema.

Kwa wenzetu walioko wilaya za kaskazini, kiangazi kina jambo la ziada. Sehemu hiyo ya nchi imo katika ukanda wa Afrika unaopatwa na homa ya uti wa mgongo, na mlipuko wake hufuata miezi mikavu yenye vumbi, pale utando wa koo unapochubuka na vijidudu kupata njia. Homa kali pamoja na shingo kukaza si kazi ya panadoli. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Magogo barabarani

Mwezi uleule ambao sajenti alilazwa, tuliitwa kufungua barabara. Wakazi wa kijiji kimoja walikuwa wamelaza magogo na kuzuia malori ya ujenzi. Tulifika tukiwa tumejiandaa kwa fujo. Mama mmoja anayeuza nyanya na kukaanga rolex kando ya barabara hiyo akasogea mbele, amembeba mjukuu.

"Afande," alisema, "usiniulize nani ameweka gogo. Niulize jana nimeuza nyanya ngapi, na mtoto huyu amelala saa ngapi."

Alituonyesha nyanya zake. Zilikuwa nyekundu kwa udongo. Mtoto alikuwa akipumua kwa sauti, na mbavu zake zikionekana kuingia ndani kila alipovuta hewa. Mkuu wetu wa kikosi, mtu asiye na maneno mengi, alimwambia, "Mama, panda gari. Gogo tutalizungumza baadaye." Mtoto alitibiwa nimonia.

Kuzuia barabara ni kosa, na hatuandiki haya ili kulihalalisha. Lakini tulipokaa na mwenyekiti wa kijiji na msimamizi wa ujenzi, tulilazimika kukumbushana jambo ambalo maafisa wengi tulilisoma chuoni na kulisahau. Sheria ya adhabu ya Uganda inamtia hatiani mtu anayechafua hewa kwa hiari yake hadi ikawa yenye kudhuru afya ya wanaoishi au kufanya biashara mahali hapo, au wanaopita katika njia ya umma. Sheria za Kenya na Tanzania zina kifungu kama hicho, kwani zote zilirithiwa kutoka chungu kimoja. Ni kifungu cha zamani, na ni nadra kukiona kwenye daftari la mashtaka. Tunajua watakaosema kwamba polisi anayekimbizana na moshi ameshindwa kukamata wezi. Hatukumshtaki mtu. Ilitosha kukisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya msimamizi, pamoja na masharti ya mazingira aliyopewa yeye mwenyewe kabla ya kuanza kazi, ambayo yalimtaka amwagie barabara maji. Lori la maji lilikuwepo. Lilikuwa likitumika kuchanganyia zege.

Tunashauri kila kamati ya polisi jamii inayopakana na barabara inayojengwa iulize swali hilo mapema, kabla ya magogo: maji yatamwagwa saa ngapi, na nani atapigiwa simu yasipomwagwa? Kumwaga mara moja asubuhi hakutoshi. Jua la mchana hukausha murramu upesi. Aidha malori yafunikwe turubai na yapunguze mwendo penye makazi, kwani lori la mwendo mkubwa hutimua vumbi jingi zaidi.

Yanayotupasa

Barakoa za kitambaa tulizozoea wakati wa UVIKO-19, pamoja na leso, huzuia punje kubwa tu. Kwa chembe ndogo inahitajika barakoa ya aina ya N95, iliyoundwa kuchuja walau asilimia 95 ya chembe, na ikae ikiwa imebana uso pande zote. Ndevu huiachia mwanya, na hapa amri ya kunyoa ina faida ambayo walioitunga hawakuikusudia. Ikichafuka au ikalegea, ibadilishwe. Tunafahamu bei yake, na kwamba si kila kituo kinaweza kuinunua kwa kila mtu. Kituo chetu kimeanza na walio njia panda na wenye pumu. Kinachowezekana bila shilingi moja ni kupokezana. Askari asikae mahali pamoja penye vumbi zamu nzima ilhali mwenzake yuko ofisini, wabadilishane. Asimame upande upepo unakotoka. Anayejijua ana pumu aseme, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, si nyumbani kabatini.

Nyumbani, sare yenye vumbi ivuliwe na uso uoshwe kabla ya kumpakata mtoto. Ua unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Takataka zisichomwe, hata kama jirani anachoma. Mtu akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au mbavu za mtoto zikiingia ndani kama za yule mjukuu, hiyo ni dharura, na gari la polisi likiwa karibu liombwe. Hakuna doria iliyo bora kuliko hiyo.

Neno kwa madereva. Kwenye murramu, washa taa hata mchana, usilikaribie lori lililo mbele, na usilipite ndani ya vumbi lake, kwa maana hujui kilicho upande wa pili. Ajali za uso kwa uso tunazozipima kwa futi wakati wa kiangazi nyingi zimeanzia hapo. Atakayekutwa na dhoruba kamili, iwe Sudan au nchi za Ghuba, afanye kinyume cha mazoea: atoke kabisa barabarani, asimame, azime taa zote na aondoe mguu kwenye breki. Akiacha taa zikiwaka, anayekuja nyuma ataziona, atadhani gari linaendelea na safari, na atazifuata hadi amgonge.

Sajenti wetu sasa yuko masijala. Hawezi kupanda ngazi za orofa ya pili bila kupumzika katikati, naye hukasirika tukimngoja. Lori la maji hupita barabara ile saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa mchana. Siku lisipopita, bibi yule wa rolex hutupigia simu kabla hatujamaliza chai, na sajenti ndiye anayeipokea.